Masikio ya Fundi Boga

Kwa miaka ishirini na sita, mtu wa Changamwe mwenye gari linalomsumbua alimtafuta Boga wa Timbwani kabla ya kumtafuta mwengine yeyote. Boga alikuwa fundi wa injini, mfupi, mabega mapana, mikono isiyotoka weusi wa grisi hata siku ya Idi. Sifa yake ilikuwa moja tu: alikuwa anasikia. Ungempelekea gari lina mlio usioujua jina, angekwambia uliwashe, ainamishe kichwa juu ya injini, afumbe macho kiasi cha kusoma Alhamdu, kisha akutajie ni beringi ipi, ni vali ipi, ni silinda ya ngapi. Injini ikifunguliwa, ndivyo inavyokutwa. Madereva wa malori ya bandarini walimwita Fundi Masikio, na jina lenyewe likamkaa kuliko alilopewa na babake.

Masikio hayo yalianza kumtoka taratibu, bila maumivu yoyote. Kwanza zilipotea sauti nyembamba. Nyenje wa nyuma ya nyumba yake waliacha kulia, akadhani ni kiangazi. Simu ya mkewe Mwanakheri ikawa inamulika mezani wala hailii. Kisha ndani ya kichwa chake ukaingia mluzi mwembamba usiokatika mchana wala usiku, kama mtu amesahau kufunga mfereji mahali. Miaka yote ile alikuwa amesimama kando ya mashine za kusaga chuma, za kupuliza hewa na za kupiga nyundo, wala hajawahi kutia hata pamba masikioni.

Alasiri moja, bila kumwambia mtu, alikwenda kwa daktari wa masikio kule kisiwani Mombasa. Akavishwa vidude vya masikioni, akapewa kitufe, akaambiwa abonyeze kila asikiapo mlio. Alikaa kitambo na kidole tayari. Mwisho akamwuliza daktari mbona hajaanza. Daktari akamtazama kwa huruma, akamwambia ameshamaliza.

Alionyeshwa karatasi yenye mstari uliokwenda sawa mwanzo, halafu ukaporomoka. Sauti nzito bado anazo, daktari alimweleza, ndiyo maana anaweza kuzungumza na watu. Nyembamba zimekufa, na zikifa hazirudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vingemsaidia katika mazungumzo. Boga hakuuliza la kuzungumza. Aliuliza kama atasikia injini. Daktari akamjibu kwamba inategemea anataka kusikia nini ndani yake.

Aliipasua karatasi ile vipande vipande ndani ya feri na kuvitia kwenye pipa la taka. Aliposhuka Likoni alikuwa ameshaamua kwamba hakuna atakayejua.

Na kwa mwaka na zaidi hakuna aliyejua. Boga alijifunza kuweka kiganja juu ya injini na kuipima kwa mtetemo. Alijifunza kumhoji mwenye gari kwa ujanja: mlio unakuja ukipanda mlima, au ukiachia mafuta? Mengine yaliyobaki aliyakisia, na kwa mtu mwenye ujuzi wa miaka ishirini na sita, kukisia kulimfikisha mbali. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, aliwahi kurekebisha kabla mtu hajagundua. Lakini kila asubuhi, alifungua sanduku lake la spana kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani asiousomea.

Ndipo Nasreen akaleta gari lake jipya.

Nasreen alikuwa akiendesha kampuni ya malori aliyoachiwa na babake pale Miritini. Boga alimjua tangu ana miaka saba, anakaa juu ya tairi kuukuu na kuuliza maswali wakati malori ya babake yakitengenezwa. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amejinunulia kitu cha kumfurahisha yeye mwenyewe: gari dogo jeusi la kifahari, milango minne, viti vya ngozi, injini ya turbo, lililokwisha kwenda kilomita tisini tu. Alilileta kwenye gereji ya Griffin, mwajiri wake Boga, karibu na matangi ya mafuta. Alitaka liongezwe nguvu. Eksosi pana zaidi, kipoza hewa cha turbo kikubwa zaidi, na kompyuta ya injini iandikwe upya. Alitaka kazi yote imalizike wiki hiyo hiyo.

Griffin alikuwa tayari kuanza palepale. Boga ndiye aliyekataa.

"Mwanangu, injini hii bado haijajuana na nafsi yake," alimwambia. "Ringi za pistoni hazijakaa kwenye kuta za silinda. Ukiikamua leo, itakula oili maisha yake yote. Nipe kilomita elfu mbili, kisha nitakufanyia utakalo."

Akamweleza namna ya kuzienda kilomita hizo. Asikanyage mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko usipite elfu nne. Asishike mwendo mmoja muda mrefu, awe anapanda na kushuka, ili ringi zisuguane na kuta kila mahali. Asiliache likinguruma bure huku limesimama. Kilomita mia tatu za mwanzo asifunge breki kwa ghafla, na akate kona polepole, kwa sababu hata matairi mapya yana utelezi wa kiwandani. Na oili ya kwanza imwagwe zikitimia elfu mbili, wala asingoje kama kitabu cha gari kinavyosema.

Nasreen aliyaandika yote kwenye simu, na aliyafuata kama mtu anayefuata dawa. Kila jioni akitoka kazini alikwenda na gari lake hadi Mariakani na kurudi, akibadilisha mwendo. Jumapili alipita njia ya Dongo Kundu hadi upande wa kusini. Baada ya wiki saba alirudi gereji. Boga alimwaga oili ile, akasugua tone moja kati ya vidole viwili, akamwonyesha chembe za chuma laini zinazometameta kama unga wa wanja. Hizi, alimwambia, ndizo zingebaki humo ndani zikikwangua. Nasreen akacheka kwa furaha. Boga naye, kwa siku ile moja, akajiona bado ni fundi.

Kazi ya kuandika kompyuta ilikuwa ya Kioko, kijana wa Kitui wa miaka ishirini na tisa. Griffin alikuwa amemleta kwa ajili ya magari ya namna hii. Kioko alikuwa mpole, mwenye bidii, anaishi Chaani na mkewe na binti yao mdogo. Alimheshimu Boga kupita kiasi. Alikuwa na mashine za kila aina, lakini aliamini hakuna mashine inayoshinda sikio la mzee.

Hatari ya kuongeza nguvu, kama Kioko alivyomweleza Nasreen, ni injini kugonga. Petroli ikishindwa kuhimili shinikizo jipya hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na kila mlipuko huo ni nyundo ndogo juu ya pistoni. Mlio wake ni mwembamba, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kikopo. Gari lina kifaa chake cha kuutambua mlio huo, lakini eksosi mpya ilikuwa na kelele zilizokichanganya, ikambidi Kioko akipunguze makali. Kwa hiyo wangetumia njia ya zamani. Alifunga kipande cha bomba la shaba kwenye injini, akakiunganisha na mpira mrefu hadi ndani ya gari, na mwisho wa mpira akautia kwenye vifuniko vya masikio. Boga angekaa kiti cha nyuma na kusikiliza, Nasreen angeendesha, na Kioko angetazama namba kwenye kompyuta yake.

"Ikigonga hata kidogo niambie, mzee," alisema Kioko. "Napunguza hapo hapo, dakika mbili tu."

Boga alikuwa na nafasi ya kusema. Aliifikiria wakati ule na alikuja kuifikiria kila siku baadaye. Kioko alikuwa amemnyoshea vifuniko vile kwa mikono miwili, kama unavyomkabidhi mtu mzima kitu cha thamani. Alivipokea na kuvivaa.

Walikwenda Dongo Kundu asubuhi, barabara nyeupe, magari machache. Nasreen alikanyaga mafuta, na viti vikawasukuma mgongoni. Ndani ya vifuniko Boga alisikia ngurumo nzito ya injini, kama bahari ya mbali, na juu yake mluzi wake mwenyewe. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Walirudia mara tatu. Kila mara Kioko aligeuka na kumtazama machoni, na kila mara Boga alitikisa kichwa kwamba hakuna kitu.

Waliporudi gereji, Nasreen alimuuliza tena kabla ya kuondoka. "Una hakika, mzee Boga? Mimi nakusikiza wewe, sisikizi kompyuta."

"Wallahi, liko safi," alisema Boga.

Kiapo kilimtoka kabla hajakifikiria. Alibaki amesimama na kitambaa mkononi hadi gari lilipopotea njiani.

Siku kumi na moja baadaye Nasreen alikuwa akimpeleka mamake Ng'ombeni kwa jamaa zao. Juu ya daraja la Dongo Kundu, akilipita lori, injini ilipiga kishindo kimoja, moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma, na gari likakata nguvu likiwa katikati ya njia ya magari yanayokuja. Lori lile lilipunguza mwendo, na jingine lililokuwa likija likayumba na kukwaruza ukingo wa daraja. Hakuna aliyeumia. Lakini mama yule, mtu mzima wa miaka sabini na moja, alitolewa garini akitetemeka mwili mzima, na kwa siku tatu hakuweza kushika kikombe.

Gari lilivutwa hadi gereji na injini ikafunguliwa mbele ya watu wote. Pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imevunjika ukingo, na uso wake umejaa vishimo vidogo, kana kwamba kuku alikuwa akiidonoa. Haikuhitaji fundi kusoma alama zile. Injini ilikuwa ikigonga tangu siku ya kwanza.

Griffin alimgeukia Kioko. Kioko aliitazama pistoni ile, akamtazama Boga. "Nilimuuliza mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Mara tatu nilimuuliza."

Wote wakamgeukia Boga. Alimwona Nasreen amesimama mlangoni na mikono ameikunja kifuani, anangoja.

"Siku ile haikuwa ikigonga," alisema Boga. "Labda kulibadilishwa kitu baadaye."

Kioko hakubishana. Alimtazama Boga kama mtu aliyeambiwa na babake kwamba si mwanawe. Griffin alimfukuza kabla ya adhuhuri, na jioni ile ile jina lake lilikuwa limeshasambaa kwenye kundi la simu la mafundi wa pwani nzima: Kioko wa Chaani, mharibifu wa injini, msimpe gari.

Siku zilizofuata Boga aliishi kama mtu aliyemezwa na kitu. Chakula kilikuwa udongo mdomoni. Alisimama kwenye mkeka wa swala na akafika nusu ya sura asijue amesoma nini, kwa sababu ile wallahi ilikuwa imesimama kati yake na kibla. Kila asubuhi kwenye feri aliapa moyoni kwamba leo atasema. Siku ya pili alifika hadi mlango wa ofisi ya Griffin, akamkuta ana mgeni, akashukuru, na kule kushukuru kukamtia kinyaa. Siku ya nne alibonyeza namba ya Nasreen na kukata kabla haijaita. Hesabu ilikuwa moja na haikubadilika: akisema, basi yeye si fundi tena, naye hakuwa kitu kingine chochote. Hakuwa na shamba wala mashua, na watoto wake watatu walikuwa mbali na mambo yao. Alikuwa masikio mawili, na masikio hayo yalikuwa yamekufa.

Siku ya tisa alivua ovaroli saa nne asubuhi, akatembea hadi Chaani. Chumba cha Kioko kilikuwa wazi na sakafu imefagiliwa. Jirani yake, mwanamke aitwaye Caroline aliyekuwa akianua nguo, alimwambia wameondoka jana kwa basi la Kitui, wote watatu. Kioko alikuwa amezunguka gereji saba, za Jomvu na za Kisauni, na kila mahali walijua jina lake kabla hajalitaja. Caroline alisema mengine pia, lakini alikuwa amegeuka kuchukua vibanio, na Boga hayakumfikia.

Alirudi nyumbani Timbwani bila kupitia gereji. Aliketi barazani akapiga simu. Kioko alipokea, na Boga akajua amepokea kwa sababu sekunde zilianza kuhesabika kwenye kioo. Sauti yenyewe ilikuwa kama mchanga unaomwagwa. Akasema "Kioko, ni mimi," akasikia mchanga tena. Aliibadilisha simu sikio. Hapakuwa na neno hata moja aliloweza kulishika.

Mwanakheri alikuwa akichambua mchele kando yake. Boga alimnyoshea simu.

"Nishikie," alisema. "Nitasema mimi, wewe uniambie anajibu nini. Sisikii, Mwanakheri."

Mkewe aliweka ungo chini, akachukua simu, akaiweka sikioni na kumkalia uso kwa uso.

Boga akasema. Alisema amekuwa kiziwi wa sauti nyembamba kwa mwaka na zaidi, na alijua. Alisema kwenye vifuniko vile hakusikia kitu siku ile, si kugonga wala kutogonga. Alisema alimwapia Nasreen kwa jina la Mungu na kisha akamwacha Kioko abebe. Aliyasema yote kwa mkupuo, macho yakiwa kwenye midomo ya mkewe.

"Anauliza kama ulikuwa unajua tangu kabla hamjatoka gereji," alisema Mwanakheri hatimaye.

"Mwambie nilijua."

Akangoja tena. Mwanakheri alikuwa akisikiliza na uso wake ukizidi kuwa mzito. "Anasema ungemwambia tu. Anasema angetafuta njia nyengine, na asingemwambia mtu." Kisha akaendelea, "Anasema aliiona namba moja haikumpendeza siku ile. Akaiacha kwa sababu wewe ulitikisa kichwa."

Boga alijifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, simu ilikuwa imeshawekwa kwenye ungo, juu ya mchele.

"Amekata," alisema mkewe. Kisha akaongeza: "Mwaka mzima sisemi nawe ila nikiwa mbele yako. Ulidhani sijui? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomvunja. Alilia pale barazani mchana kweupe, watu wakipita.

Kesho yake aliwakusanya Griffin na Nasreen gereji na kuwaambia. Griffin alikasirika kwa namna ya mtu anayehesabu atapoteza wateja wangapi. Alimtaka achukue sanduku lake na asirudi. Nasreen alingoja hadi Griffin alipotoka.

"Shida yangu si gari, mzee Boga," alisema. "Gari ni chuma, na malori yangu yatalilipa. Mamangu alikuwa kiti cha mbele. Nilikuuliza mara ya pili kwa sababu yake yeye, maana nilijua nitampakia. Wewe ukaniapia."

Boga aliomba radhi, na maneno yalionekana madogo hata kwake. Nasreen alimtaka jambo moja tu. Alitoa simu yake, akafungua lile kundi la mafundi, ambamo naye alikuwamo kwa ajili ya malori yake, akamwambia aseme kwa kinywa chake, kwa jina lake. Boga akashika simu karibu na mdomo, akasema: kosa lilikuwa langu mimi, Boga wa Timbwani, sisikii, na kijana Kioko hana hatia. Aliposema "sisikii" mbele ya mafundi mia tatu, alihisi kama amevuliwa nguo sokoni.

Kioko hakurudi Mombasa. Habari zilizofika ni kwamba aliajiriwa Nairobi, kwenye gereji ya magari kama yale, baada ya mwenye gereji kuisikia sauti ya Boga ikipitishwa simu hadi simu. Boga alimpigia mara nne zaidi, Mwanakheri ameshika simu, na mara zote nne haikupokewa. Alimwandikia ujumbe. Kioko aliusoma, hakuujibu.

Nasreen aliagiza injini nyengine, na ilipofika aliifungisha kwingine, kama ilivyotoka kiwandani, bila kuongezwa kitu. Akikutana na Boga kwenye feri humwamkia shikamoo kwa adabu, kisha hutazama majini.

Siku hizi Boga hutengeneza breki na springi kando ya barabara ya Likoni, kazi ya macho na mikono. Zipo siku anarudi nyumbani hajalegeza hata nati moja. Amevaa kifaa kidogo nyuma ya sikio la kulia. Kinamletea sauti ya mkewe, na kelele za barabara kwa wingi kuliko anavyotaka. Linalomchosha zaidi ni wateja wa zamani. Wiki iliyopita alikuja dereva mmoja na pikapu, akafungua boneti, akamwambia amevuka makusudi kutoka Changamwe ili Fundi Masikio aisikilize injini yake.

"Siwezi," alisema Boga. "Sisikii."

Dereva alidhani ni mzaha, akacheka na kumsisitiza. Boga akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wauza machungwa wa karibu wakageuka. Kisha akamwelekeza gereji ya pili baada ya kituo cha mafuta, akainama, na kuendelea kufunga gurudumu.